Jos wa Kibua

Adelaïde Umurerwa wa Nyamitaba hana mchezo na mambo mawili: maziwa yaliyochemshwa nusunusu, na jina lake kuandikwa bila nukta mbili juu ya ile i. La maziwa analo kila mtu katika milima ya Masisi. La nukta ni lake peke yake. Marehemu baba yake, Kanyamibwa, mkulima wa maharage aliyeishia darasa la nne, alipewa jina hilo la bintiye na sista aliyemzalisha mkewe, na kwa kuogopa kulisahau akalichonga kwa kisu kwenye mlango wa zizi, pamoja na nukta zote mbili. Zizi liliungua miaka ya nyuma, na mlango ukaungua nalo. Nukta zikabaki kichwani mwa binti, na ole wake karani au padri anayeziacha.

Kazi yake ni kuandika watu. Tangu vita vilipotawanya familia, huyu akikimbilia Sake na yule akipotelea Walikale, makanisa kadhaa yalikubaliana kuwa na orodha moja kwenye intaneti. Kila mahali pana mwandishi wake. Anayefika anaandikwa katika mstari mmoja: jina, alikotoka, anayemtafuta. Adelaïde anaandika wanaofika Nyamitaba. Valens Nizeyimana, mwalimu wa Kifaransa aliyestaafu, anaandika wanaofika Kibua, mbali kule Walikale, ambako huwezi kwenda siku hizi bila kuaga vizuri. Samy, fundi wa Goma aliyeitengeneza tovuti, anawasimamia wote kwa simu, na husema haraka kama mtu anayelipishwa kwa neno.

Usifikirie ofisi yenye feni. Ni chumba nyuma ya kanisa, paneli moja ya jua, na kompyuta iliyozeeka ambayo herufi zake nusu zimefutika. Intaneti haipo hapo. Basi waandishi wote wanafanya namna moja: wanaandika majina bila mtandao, kwenye programu ile nyepesi inayoitwa Bloc-notes, kisha wanatafuta mlima wenye mtandao. Mlima wa Adelaïde ni malisho yaliyo juu ya kanisa. Huko hugeuza kidumu cha maziwa kikawa kiti, huunganisha simu na kompyuta, hubonyeza Importer ili faili liingie kwenye tovuti, husubiri neno Succès, yaani limefaulu, litokee, halafu hufunga kila kitu mbio kabla mega za intaneti alizonunua hazijakwisha. Kufungua ukurasa ili uangalie ulichotuma ni kula mega bure, na hakuna mwandishi hata mmoja aliyewahi kuwa na mega za kula bure.

Kwa mtu mmoja tu Adelaïde alikuwa anaufungua ukurasa. Kila Jumanne, siku ya soko, Mama Dancille Nyiraneza alipanda naye kilimani, kapu la maharage mgongoni, pumzi juu juu. Binti yake, Joséphine-Marie Mukagasana, alipotezana naye njiani miaka miwili iliyopita, siku watu walipokimbia pande zote kwa wakati mmoja. Mtu mmoja aliapa kwamba alimwona akifuata kundi la kwenda Walikale. Hiyo ndiyo habari pekee ambayo mama alikuwa nayo, naye aliishika kwa mikono miwili.

Adelaïde aliandika Joséphine kwenye kisanduku cha kutafutia. Hakuna. Akaandika JOSEPHINE. Hakuna. Akaandika Mukagasana, wakatokea watatu, wote bibi wazee wa kwingine. Ndipo Mama Dancille aliposema, kama alivyosema kila Jumanne, "Nisomee batu ba Kibua, dada. Bote."

Adelaïde akasoma, kutoka juu mpaka chini. Myriam Uwamwezi, wa Masisi, anatafuta mume wake. Samson Dusabimana, wa Nyamitaba, anatafuta watoto watatu. Th. Andr. Jos.

"Jos nani?" Mama Dancille aliuliza mara ya kwanza.

"Jos tu, Mama. Hawakuandika ingine."

"Wa wapi?"

"Haikuandikwa."

Hakuna aliyeshangaa. Katika nchi hii, jina zima linasema kabila lako, na kabila lako linaweza kukuponza mbele ya mtu usiyemjua aliyeshika bunduki au kalamu. Watu wengi walifika mbele ya mwandishi wakatoa nusu ya jina na kunyamaza. Adelaïde mwenyewe alikuwa na akina "Mama Nani" sita kwenye orodha yake, na alijifunza kutowasumbua. Basi alipoona Th na Andr na Jos, alisema moyoni kwamba hao ni watu wenye hofu, akawaachia heshima yao, akasogea kwenye mstari mwingine.

Mama Dancille hakusogea upesi hivyo. "Masikini," alisema. "Pengine hata hakuna muntu iko anamutafuta." Tangu siku hiyo, kabla ya kushuka, alisimama pale malishoni akafumba macho, akamwombea Joséphine-Marie kwanza, kisha akaongeza, "Na ule Jos wa Kibua, Baba, umutunze, hana mama pa karibu." Alifanya hivyo Jumanne baada ya Jumanne, kwa miezi minane, na ng'ombe wakasikia.

Miezi hiyo minane ilipotimia, mwanawe mkubwa, Edmond Mbonigaba, aliamua kwamba yatosha. Edmond si mtu mbaya, tusimwonee. Ndiye aliyemwona mama yake akiacha ugali sahanini, ndiye aliyemsikia akiitikia hodi ambayo hakuna aliyeipiga. Alikusanya wajomba, wakakubaliana: Jumamosi wataondoa matanga ya Joséphine-Marie. Kwa kuwa mwili haupo, watazika kitenge chake cha kwaya. Maharage yataliwa, watu watanyoa nywele, na baada ya hapo hakuna kumtafuta tena, maana aliyeondolewa matanga haulizwi habari zake.

"Siku ya posho njo tunatosha kilio," Mama Dancille alimwambia Adelaïde Jumanne ile walipofika chini, maana huko Jumamosi huitwa posho, na kuondoa matanga ni kutosha kilio. "Usiandike tena jina yake ku mashini. Watasema mimi sitii."

Adelaïde alimshika mkono, na mkono ule ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyogeuka, na usicheke, maana yaligeuka kwa sababu ya majivuno.

Alhamisi, Samy aliwaomba waandishi wote watume mstari mmoja wa kujitambulisha, ili wasomaji wajue wanaoshika orodha ni akina nani. Kwa majina ya wengine Adelaïde huandika herufi kubwa tupu, kama zilivyo kwenye kadi ya mpiga kura, bila alama yoyote juu, kwa kuwa ni haraka. Lakini hili lilikuwa jina lake. Litasomwa Goma, pengine hata Ulaya. Alikaa vizuri, akatafuta kile kitufe cha nukta mbili, akaandika polepole: Adelaïde Umurerwa, mwandishi wa Nyamitaba, binti wa Kanyamibwa. Akapanda kilimani, akatuma. Succès.

Alikuwa bado anakunja waya simu ilipolia. Ni Samy, kwa ujumbe wa sauti. "Dada Adela, merci, mustari yako imefika."

Adela? Adelaïde alihisi damu ikimpanda. Akafungua ukurasa, mega ziliwe tu. Pale palipotakiwa kuwa na jina lake, cheo chake na baba yake, pameandikwa: Adela. Basi. Hata nukta ya kumalizia hakuna.

Akampigia. "Samy, nani alikuruhusu kukata jina yangu?"

"Sijagusa kitu, dada. Ni réseau yenu njo inakata."

"Réseau inakata na makasi?"

"Tuma tena, utaona."

Alituma tena. Adela. Alihamia upande wa pili wa malisho ambako simu ilishika vizuri zaidi, akatuma mara ya tatu. Adela. Hapo hasira ikaanza kugeuka kitu kingine. Mtandao wa Nyamitaba anaufahamu vizuri: ukikata, leo unakata hapa na kesho pale. Huu ulikata palepale mara tatu, kama mtu aliyeonyeshwa.

Akaachana na faili. Akafungua kisanduku cha kuandikia cha tovuti yenyewe, akaliandika jina humo moja kwa moja, akahifadhi. Adelaïde Umurerwa, mwandishi wa Nyamitaba, binti wa Kanyamibwa. Zima, na nukta zake, linapendeza. Akaja kwenye faili tena, akaliandika jina bila nukta, Adelaide, akalituma. Likafika zima, mpaka kwa Kanyamibwa. Akarudisha nukta, akatuma. Adela.

Adelaïde alisimama, akakipiga teke kidumu kwa furaha, ng'ombe wakainua vichwa. Ni nukta. Mstari unakwenda vizuri mpaka unapokuta herufi yenye kitu kichwani, hapo unakufa, na vyote vilivyo nyuma yake vinakufa nao. Alikuwa amemkamata mwizi wa jina lake, na alitaka kumwambia mtu, ila hapakuwa na mtu isipokuwa ng'ombe.

Halafu akakirudisha kidumu, akaketi. Mimi sikumwogopa mtu, alijiambia. Sikutoa nusu ya jina. Nilitoa lote, likakatwa njiani. Sasa wale wengine?

Akafungua ukurasa wa Kibua. Myriam Uwamwezi hana herufi yenye alama, yuko mzima. Samson Dusabimana, mzima. Th. Baada ya Th inakuja nini? Thérèse. Andr. André. Ren. René. H moja peke yake, ambayo siku zote alidhani ni kosa la kidole. Hélène. Walikuwa kumi na wanne, wote wamekatwa shingo mahali pamoja. Mwalimu Valens, na Kifaransa chake safi, mtu asiyeweza kuiacha é bila alama yake hata nyumba ikiungua, alikuwa ameandika kila jina kwa uangalifu kuliko waandishi wote, na uangalifu huo ndio uliowapoteza.

Jos.

Hakuthubutu kulimaliza jina hilo kwa mdomo. Wako akina Joséphine wengi Kivu, na akina José, na akina Josée. Alimpigia Valens, simu ikasema hapatikani. Akamwandikia ujumbe. Kisha akampigia Samy, akamwelezea yote kwa pumzi moja, na kwa mara ya kwanza Samy alisema polepole.

"Ngoja. Hiyo machine yako ni ya zamani. Fungua fichier, fanya Enregistrer sous. Kule chini kabisa, imeandikwa Codage. Mbele yake kuna nini?"

Adelaïde alifungua faili, akaenda pale pa kulihifadhi upya, akakodoa macho. Miaka mitatu anapita juu ya kile kijisanduku bila kukitazama. "A, N, S, I."

"Njo ile. Sikia, dada. Kila herufi mu mashini iko na numéro. Herufi za kawaida, numéro ni moja fasi yote. Lakini zile za alama, mashini ya kale iko na numéro zake, site iko na zingine. Site inakuta numéro haijue, inasimama, inatupa yote ya nyuma. Weka UTF-8, njo numéro za site, enregistrer, utume tena."

Aliweka. Akatuma. Adelaïde Umurerwa, mwandishi wa Nyamitaba, binti wa Kanyamibwa. Siku nyingine angecheza. Siku hiyo hakulitazama hata mara mbili.

"Na Papa Valens, mashini yake ni kama yangu?"

"Ya kwake ni ya kale kuliko yako," Samy alisema. "Na ku site ile ya nyuma haiko tena. Lazima yeye arudilie kutuma, kama aliweka fichier."

Akamtumia Valens ujumbe wa pili, mrefu, hatua kwa hatua: fungua, Enregistrer sous, Codage, UTF-8, Importer. Akashuka na jua likishuka.

Njia inapita kwa Mama Dancille. Uani wanawake walikuwa wanachambua maharage juu ya mkeka, na ndani, kwenye kiti, kitenge cha kwaya kilikuwa kimekunjwa vizuri, cha bluu, kimepigwa pasi. Mama Dancille alimkaribisha. Adelaïde alimeza maneno yaliyomjaa mdomoni. Kumpa mama yule tumaini la herufi tatu, halafu kesho aambiwe kumbe ni José fulani wa Pinga, kungekuwa ukatili. Alichambua maharage kidogo pamoja nao, akaaga.

Ijumaa asubuhi umande ulikuwa bado haujakauka, naye alishafika kilimani. Ujumbe wa Valens ulimkuta pale, umeandikwa kama barua ya shule: "Madame Adelaïde, ninaona haya. Mimi nilisoma Succès na nikafunga. Fichier ya kwanza mpaka ya leo ninazo zote. Ninazituma sasa."

Akafungua ukurasa wa Kibua. Th. Andr. Jos. Akangoja. Akafungua tena. Th. Andr. Jos. Mega zilikuwa zinayeyuka, na hakujali. Mara ya nne mistari ilikuwa mirefu. Aliliona kwanza hilo, kabla ya kusoma chochote: ukurasa uliokuwa na mapengo sasa umejaa mpaka ukingoni. Thérèse alikuwa na mji na kaka. André alikuwa na watoto. Hélène, aliyekuwa H, alikuwa na jina refu kuliko wote. Adelaïde alishuka kwa kidole, akafika.

Joséphine-Marie Mukagasana, wa Nyamitaba, anatafuta mama yake Dancille Nyiraneza na kaka yake Edmond. Analima mihogo nyuma ya kanisa la Kibua. Alikuja mwenyewe kuandikwa.

Mbele yake palikuwa na tarehe, na tarehe hiyo ilikuwa ya miezi minane iliyopita.

Alipiga kelele, hilo halifichi. Kisha akalia, kwa furaha na kwa aibu, maana Jumanne zaidi ya thelathini alikuwa amemsomea mama jina la mwanawe kwa sauti, wamekaa bega kwa bega, na wote wawili wakaendelea na mstari mwingine. Akampigia Valens. Safari hii alipatikana. "Papa Valens, kimbia ku mashamba ya kanisa, uite Joséphine-Marie. Ukimupata, unipigie." Naye akashuka mlima mbio kiasi kwamba kiatu kimoja kilibaki matopeni na hakukirudia.

Wa kwanza kumkuta alikuwa Edmond, anapasua kuni za kesho. Alimsikiliza mpaka mwisho, shoka likiwa mkononi.

"Dada Adelaïde," alisema, "kama ni bongo, kama unatudanganya, utamuua mama."

"Mimi nimesoma na macho yangu. Jina yako pia iko pale."

Edmond aliweka shoka chini. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa amembeba mama yake mgongoni, kwa sababu alijua kwamba magoti ya mama yasingeuweza mlima kwa mwendo aliotaka yeye. Mama Dancille alikuwa anauliza, "Ni nini? Munanipeleka wapi?" na hakuna aliyekuwa na pumzi ya kumjibu. Wanawake wa maharage walifuata, na mikono yao imejaa vumbi.

Juu malishoni simu ililia kabla hawajaketi. Adelaïde akaiweka kwenye sikio la Mama Dancille, akaishikilia yeye mwenyewe.

"Mama?" ikasema simu.

Mama Dancille hakulia. Aliuliza kwanza kama anakula, halafu kama mguu ulioumia njiani ulipona, halafu kama ana blanketi la kujifunika kwa baridi ya kule. Baada ya kuridhishwa ndipo alipouliza kilichokuwa kinamchoma. "Juu ya nini ulinyamaza, mutoto wangu?"

"Sikunyamaza, Mama. Papa Valens aliniandika. Alisema, sasa uko mu liste, mama yako atakuona. Nikangojea."

Mama Dancille akageuka kumtazama Adelaïde. Na Adelaïde, ambaye hajawahi kukosa neno, alieleza kwa sauti ya chini kwamba aliandikwa kweli, kwamba mashini ilikata, kwamba kilichobaki kilikuwa herufi tatu, na kwamba Mama alizisikia kila Jumanne. "Jos, Mama. Jos wa Kibua alikuwa ni yeye. Munisamehe."

Edmond alikuwa ameinamisha kichwa. Nyumbani maharage yalikuwa yamelowekwa na hayakuweza kurudi kuwa makavu. Yaliliwa siku iliyofuata na watu wote, nywele zikiwa kichwani, na kitenge cha bluu kikavaliwa na mama mwenye binti aliye hai. Lakini hayo ni ya Jumamosi. Pale kilimani, Mama Dancille alirudisha simu sikioni, na uso wake ulikuwa umefunguka namna ambayo Adelaïde hakuwahi kuiona.

"Joséphine-Marie," alisema, "kumbe nilikuwa nakuombea mara mbili."